Siku Bibi Alipoitikia Marahaba

Nyinyi wenzangu wa enzi zile, mnaikumbuka karamu ya mabibi waliokuwa watumwa? Kila mwaka, mtaani kwetu Bagamoyo, walisherehekea kuachiwa huru. Sisi wasichana tuliamshwa alfajiri kukuna nazi, pua zote zikielekea kwenye masufuria ya pilau. Wajukuu zetu leo kila mmoja ana sahani yake na bado wananuna. Sisi tulikuwa na sinia moja. Ukizubaa, nyama imekwenda.

Siku hiyo bibi yangu mzaa mama alivaa viatu na buibui, akafungua mwavuli. Utumwani vyote hivyo alikatazwa. Mwavuli aliushika, ndiyo, lakini kumkinga jua bibi mwenye nyumba. Sasa aliuzungusha wa kwake kwa madaha, ngoma ikimfuata nyuma, na vigelegele mpaka uwanjani.

Mwaka mmoja, ngoma imepamba moto, akatokea Bi Shamsa, binti wa nyumba ile alimotumikishwa bibi. Bibi ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni. Hata hivyo, bibi mtu mzima ndiye aliyempa shikamoo mtoto yule kila asubuhi, naye mtoto akimwita Faida, jina alilobandikwa aliponunuliwa.

Ngoma ikanyamaza. Mama akanibana mkono. Bi Shamsa akavua viatu pembeni ya mkeka, akapiga magoti.

"Shikamoo."

Bibi akamuuliza, "Unamwamkia nani?"

"Wewe, Faida."

"Faida alikuwa mali ya baba yako. Mimi mama yangu aliniita Chiku."

Bi Shamsa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, mama Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Lo! Vigelegele vilivyopigwa hapo, mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Wapiga ngoma walizipiga kama wanalipiza kisasi cha kunyamaza, na Bi Shamsa, mnene vile, akacheza hadi kanga ikamlegea kiunoni.

Baada ya pilau, bibi alijinyoosha mkekani mchana kweupe, akakoroma. Hakuna aliyethubutu kumwita, kama alivyoitwa utumwani kila alipojilaza.

Siku hizi karamu ile haipo tena, na mabibi wote wametangulia. Wajukuu zangu hulala mpaka jua la saa nne, kisha wakiamka wanalalamika wamechoka. Nawacheka sana. Lakini kuwaamsha, siwaamshi.