Mgonga Kokoto Aliyebaki na Zamu Mbili za Pumzi

Saa mbili asubuhi, jua la Malindi limeshaanza kuchoma. Kahonzi Kazungu ameketi juu ya gunia katika timbo la mawe nje ya mji, nyundo mkononi, leso ameifunga puani. Anagonga jiwe mpaka liwe kokoto, kisha anavuta jingine. Mara anasita, anakohoa, anatema kando na kufukia kwa mguu ili wenzake wasione.

Kokoto hizo hujenga majumba ya kifahari ya ufukweni. Yeye anaishi chumba cha mabati katika mtaa wa Kisumu Ndogo.

Jumapili iliyopita mama huyu alisimama kanisani akiwa na joho jeupe, akiimba nyimbo za ibada za Kilatini zilizotungwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Hazina kinanda wala ngoma. Ni sauti tupu, na sauti ikikatika hakuna cha kuifunika.

Ndiyo maana kwaya yao ndogo hupanga waimbaji wawili wawili. Mmoja akivuta pumzi, mwenzake anashikilia. Kwa miaka tisa Kahonzi aliimba sauti ya pili pamoja na Phoebe, jirani yake aliyekuwa akigonga mawe katika timbo hili hili.

Phoebe alizikwa mwezi Machi. Daktari alisema ni mapafu, yaliharibiwa na vumbi.

"Wala sikuwa nikimtazama," anasema Kahonzi. "Nilikuwa najua tu, hapa napumua mimi, pale anapumua yeye."

Kwaya haikupata wa kuziba pengo, na tamasha lilikuwa limeshatangazwa. Mwalimu wa kwaya, Oliver Odera, alimfanyisha mazoezi ya kuimba peke yake, akamwonyesha mahali papya pa kuvuta pumzi. Mazoezini aliweza. Siku yenyewe, Jumapili hiyo, kanisa limejaa, alifika penye zamu yake ya zamani, akanyamaza, akavuta pumzi taratibu huku akimsubiri Phoebe aendelee.

Sauti ya pili ikapotea kabisa. Wenzake waliyumba, wakajikokota hadi mwisho. Watu walipiga makofi, na wengine walimwambia Mwalimu Odera kwamba pale paliponyamaza ndipo palipowagusa zaidi. Kahonzi alitoka nje akalia mpaka koo likamkauka.

Kliniki imemwambia aache timbo. Namuuliza mbona bado yuko hapa. Anacheka kidogo, kicheko kinachouma kukisikia. Ana watoto watatu na hajui kazi nyingine. Mwalimu Odera naye amemsihi apumzike kuimba, lakini hilo amelikataa katakata.

Tamasha jingine ni la Majilio, kabla ya Krismasi. Kahonzi amemuomba Cynthia, msusi wa hapo mtaani, asimame upande aliokuwa akisimama Phoebe. Jioni wanafanya mazoezi chumbani kwa Kahonzi. Maneno ya Kilatini Cynthia ameyashika upesi. Kinachochukua muda ni kujua mahali mwenzake anapoishiwa pumzi.

"Nataka azoee kuendelea," anasema Kahonzi, akiokota nyundo. "Siku nikinyamaza, asinisubiri."