Ukurasa Ulioshonwa

Kazini walimwita Malenga, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, naye alishazoea kuitikia nusu zote mbili. Alikaa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji. Mtu akija kusema kwamba bomba lake linatoa hewa tu tangu juzi, Malenga aliandika, akagonga mhuri, akamwambia asubiri. Kazi hiyo, alidai, ndiyo iliyomfundisha ushairi: kusikiliza kilio cha mtu, kukifupisha, na kutoweza kukisaidia hata kidogo.

Vitabu vyake vilitolewa na Mchapaji, bwana mmoja mwenye chumba nyuma ya duka la kalamu na madaftari. Huyu aliishi kwa kadi za harusi na mitihani ya shule, na mashairi aliyachapa kwa sababu ambazo mkewe hajapata kuelezwa zikamtosha. Alikuwa kampuni nzima peke yake: mkurugenzi, mhariri na mfagiaji. Alichokosa ni mashine ya kujalidi. Hapo ndipo alipoingia dada mkubwa wa Malenga.

Dada alikuwa fundi cherehani. Karatasi zilimfikia zikiwa tambarare, kila moja na kurasa zake nne. Alizikunja juu ya meza ya kukatia nguo, akazisugua kwa mpini wa mkasi, akazipachika moja ndani ya nyingine, kisha akafungua katikati na kupitisha mshono kwenye mkunjo. Mashairi hayakumhusu. Mimi nakunja, sisomi, ndilo lilikuwa neno lake, na wateja walicheka, ingawa wengi wao pia hawakusoma na hawakuwa na kisingizio cha kukunja.

Safari hii kulikuwa na tatizo. Shairi bora kuliko yote aliyowahi kuandika Malenga lilimhusu dada huyo. Lilisimulia alivyojishonea gauni la harusi, na bwana harusi akatuma ujumbe asubuhi ileile kwamba amepata dharura, dharura ambayo baadaye ilizaa watoto wawili. Wageni wakiwa bado uani, dada alijifungia chumbani, akalifumua gauni mshono kwa mshono, na uzi akauzungusha tena kwenye kipande cha kadi. Tangu siku hiyo harusi haikutajwa nyumbani. Hata wateja waliotaka magauni ya aina hiyo walielekezwa kwa fundi wa mtaa wa pili.

Kuomba ruhusa, Malenga hakuthubutu. Kuliacha, hakuweza. Mchapaji alipolisoma alivua miwani akaifuta, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata miwani ikichafuka. Bila shairi lile, kitabu kilikuwa malalamiko ya maji yenye vina.

Basi akafikiri. Dada hufungua kitabu katikati tu, pale pa kushonea. Shairi likikaa ukurasa wa mwisho kabisa, likaegemea jalada la nyuma, nani atalifikia? Hata wasomaji wa ushairi, kwa jinsi alivyowajua, hawafiki huko. Mchapaji akaambiwa aliweke mwisho, akaliweka.

Akili ni nywele, wanasema. Zake siku hiyo hazikuchanwa. Mtu wa vitabu kama yeye angepaswa kujua kwamba kabla kitabu hakijakunjwa, mwanzo na mwisho ni majirani. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho huchapwa bega kwa bega kwenye karatasi moja. Malenga alilikumbuka hilo Jumamosi asubuhi, akipiga mswaki, na mzigo ulikuwa umeshapelekwa. Alitoka mbio na ndala za bafuni.

Alimkuta dada amesimama mezani, hakunji. Mbele yake karatasi: kulia jina la kitabu, na chini yake "Kwa dada yangu", kushoto, shairi.

"Umekuja," dada alisema. "Kaa."

Malenga alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza kujitetea: kwamba halijataja jina la mtu, kwamba sanaa ni sanaa. Dada alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Kwani uliniona siku ile? Nilidhani niko peke yangu."

"Nilikuwa mlangoni, dada. Nilikuletea maji."

"Hukuyaleta."

"Niliyanywa."

Dada alitikisa kichwa polepole, kama aliyepewa kipimo alichokuwa akikikosa. Alisema kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na huo ndio ubaya wake. Yangekuwa ya kuzua, angeutia moto mzigo wote. Kisha akaketi kwenye cherehani. Alikunja nakala moja, akaishona, akaitia jalada. Halafu akaushika ukurasa wa mwisho pamoja na jalada la nyuma, akavishona pande zote tatu, mshono mfupi wa kukaza, kama wa mfuko wa suruali. Shairi likafungiwa ndani. Akaweka wembe juu ya kitabu, akamsukumia mdogo wake.

"Shairi lako limo, sikulitoa. Anayetaka habari zangu akae chini afumue, kama nilivyokaa mimi. Hutaki, wembe huo hapo."

Malenga aliushika wembe. Aliwaza mistari yake ikikaa gizani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kwenye dirisha la ofisi ya maji. Aliwaza na ile glasi ya maji aliyoinywa mlangoni. Akaurudisha wembe mkebeni, akavuta rundo la karatasi, akaanza kukunja.

"Tumia mpini," dada alisema, "si kucha. Unaniharibia."

Mchapaji alipoviona vitabu alitangaza kwamba ni ubunifu, na baada ya muda akaamini ni wake. Washairi wenzake Malenga walinunua, kwa kuwa naye hununua vyao. Ushairi huzunguka hivyo, kama maji yasiyofika bomba la mtu mwingine. Mmoja wao, mshairi asiyevua tai shingoni, alimsimamisha njiani akakisifu kitabu, hasa shairi la mwisho, ambalo alisema lilimtoa machozi. Siku chache baadaye Malenga alimrudishia mwavuli nyumbani kwake, akakiona kitabu kwenye rafu, uzi wake mzima pande zote tatu.

Alipomsimulia dada, dada alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali. Akajifuta macho, akamtuma chaki kwenye droo ya chumbani.

Chini ya chaki palikuwa na nakala yake dada mwenyewe. Ukingoni mwa ukurasa wa mwisho hapakuwa na uzi, vitundu vya sindano tu. Uzi wenyewe ulikuwa kando, umezungushwa vizuri kwenye kipande cha kadi.

Malenga alichukua chaki, akafunga droo. Alipitia jikoni kwanza, akarudi na chaki mkono mmoja, na mkono wa pili glasi ya maji, imejaa.