Choo cha Wakaguzi

Walimwita Mama Kibofu, na jina hilo alilipata kwa haki. Siku alipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji hakuwepo mkutanoni, na ndiyo maana alichaguliwa. Kazi ya kuwauliza watu wazima wanajisaidia wapi huangukia asiyekuwepo. Alipewa daftari, kalamu mbili, viatu vya mpira vilivyomzidi mguu, na swali moja la kubisha nalo kila nyumba: "Mna choo?"

Wiki ya kwanza kijiji kizima kilikuwa na choo. Nani angesimama mlangoni pake, mbele ya mjane mwenye kalamu, aseme hana? Walinyoosha kidole tu: kile kule, nyuma ya migomba. Naye akaandika. Kisha mvua ikanyesha, chemchemi ikageuka rangi ya chai, watoto wakaanza kuharisha, akajua daftari lake limejaa uongo wa adabu.

Ndipo alipobuni njia yake. Kila asubuhi alikunywa maji mpaka tumbo likawa kama mtungi, akatoka, na kila alipofika hakuuliza kitu. Alisema tu, "Hodi wenyewe! Naombeni msalani, nimebanwa."

Mgeni aliyebanwa hanyimwi, na ukishafikishwa chooni maswali ya nini? Njia yenyewe inasema, kama imekanyagwa au imeota majani. Mlango unasema kwa utando wa buibui. Wasio nacho walibabaika. "Ah, mama, leo... hebu nenda kwa jirani." Jirani naye akamtuma kwa jirani. Siku moja alitumwa hivyo mara saba, akarudi kwake mbio, viatu vya mpira vikipiga makofi njia nzima, na kijiji kikacheka mpaka kikashika mbavu. Tangu siku hiyo wanawake wakimwona kwa mbali waliitana: "Mama Kibofu huyo! Chimbeni upesi, msije mkafurikiwa!"

Walicheka, lakini wakachimba. Miaka mitatu ilipopita kila ua ulikuwa na kibanda chake, na pembeni ya kibanda kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji kinachoning'inia kwa kamba na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, pamoja na kipande cha sabuni kilichotobolewa katikati.

Nyumba moja tu hakuomba.

Ilikuwa ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja na ng'ombe na mizigo yao kuichukua nyumba. Wifi ndiye aliyejifunga kibwebwe akasimama mlangoni, akawaambia kaka zake, "Atakayemtoa huyu, anitoe mimi kwanza." Hawakuthubutu. Kila paa lililomkinga mjane yule na mvua, kila asubuhi aliyoamka penye kitanda chake mwenyewe, nyuma yake alisimama mwanamke huyo, mikono kiunoni.

Basi ofisi ya wilaya ikatangaza kwamba kijiji ambacho kila nyumba ina choo kinachotumika kitawekewa kibao barabarani: KIJIJI SAFI. Ilibaki nyumba ya wifi. Mama Kibofu akaenda.

Choo cha wifi kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kuta za chokaa, sakafu ya saruji, mfuniko wenye mpini, na mlango wa bati uliotiwa kufuli.

"Karibu, wifi yangu. Unakionaje?"

"Kimependeza. Mbona kimefungwa?"

"Si watoto hawa! Watakichafua kabla wakaguzi hawajaja."

"Sasa nyinyi mnakwenda wapi?"

Wifi akacheka. "Na wewe nawe! Tunakwenda tunakokwenda siku zote. Kwani korongo limehama?" Kisha sauti ikashuka, na kicheko kikashuka nayo. "Au na mimi umekuja kunipima? Mimi, wifi?"

Mama Kibofu alikuwa amebanwa kweli. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini: naomba ufunguo. Macho yake yakaangukia kibuyu chirizi, yakaiona sabuni. Maandishi ya kiwandani yalikuwa bado yamesimama juu yake, herufi kwa herufi. Mkono wenye maji haukuwa umewahi kuigusa.

Akayameza maneno. Akafungua daftari, akaweka alama ya vema, akanywa chai, akaaga.

Kibao kikaja. Kikapigwa picha. Wakaguzi walikifungua choo cha wifi, wakakisifu, kikafungwa tena.

Mvua za mwaka huo zilikuwa na hasira. Zilichota kila kilichokuwa korongoni zikakimimina katika chemchemi, na wa kwanza kuanguka alikuwa mjukuu wa wifi, binti wa miaka mitatu. Alihara kutwa na kucha. Mchana wa pili mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, na katikati ya njia akaona mzigo umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Siku waliyomzika, watoto wengine wanne walikuwa wamelala kwenye mikeka, midomo imekauka.

Asubuhi iliyofuata Mama Kibofu alisikia pikipiki ya ofisi ya afya. Alijua imebeba nini: vidonge vya kutibu maji na pakiti za chumvi za kuwanywesha watoto wanaoharisha. Akatoka mbio hadi barabarani. Pikipiki ikakifikia kibao, ikakipita bila hata kupunguza mwendo, ikapanda kijiji cha juu. Akakaa pale mpaka iliporudi, akasimama katikati ya njia, mikono juu.

"Baba, mbona mmetupita? Watoto wanakwisha!"

Dereva akaelekeza kidevu kwenye kibao. "Mama, nyinyi ni safi. Dawa inatolewa kwa orodha. Wenzenu wa juu wameandika hawana vyoo."

Alitembea saa mbili kwenye tope hadi ofisi ya afya. Bwana afya alikuwa mezani, anakula karanga, orodha mbele yake.

"Nimekuja kufuta alama moja," alisema.

"Moja tu? Watu huja kuongeza, mama, hawaji kufuta."

"Hiyo hapo. Kile choo hakijatumika hata siku moja. Nilijua."

Bwana afya akaacha karanga. "Ukiifuta, kibao kinang'olewa. Na lazima niisome nyumba hiyo mkutanoni, mbele ya watu. Ni nani wako?"

"Wifi yangu. Mtoto tuliyemzika jana ni mjukuu wetu."

Bwana afya akachukua kalamu. "Ungekuja mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilikuwa na wifi," alijibu. "Futa."

Dawa ikafika kesho yake, na watoto wale wanne wakapona. Wanaume wawili wakang'oa kibao, wakaacha mashimo mawili kando ya barabara. Nyumba ikasomwa mkutanoni. Wifi hakupiga kelele, wala hakumlaani mtu. Watu walipotawanyika alimsogelea, macho yamevimba, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Siku ile ungeniomba ufunguo, ningekupa. Wengine wote uliwaomba. Mimi kwa nini hukuniomba?"

Mama Kibofu alifungua mdomo. Jibu alilokuwa nalo, kwamba alimpenda, lilionekana ghafla kuwa kitu kichafu. Wifi akaondoka.

Vidonge viligawiwa nyumba kwa nyumba, na mgawaji alikuwa yeye. Alipofika kwa wifi alipiga hodi mara tatu. Ndani mtu alikuwa anaosha vyombo. Maji yakatulia, sufuria ikawekwa chini polepole.

"Wifi, nimeleta dawa ya maji. Kidonge kimoja kwa ndoo moja. Usubiri nusu saa ndipo mnywe."

Aliviweka vidonge kumi juu ya jiwe la mlangoni, akavifunika kwa jani ili mvua isivifikie, akarudia maelezo yale yale kwa mlango uliofungwa, kidonge kimoja, ndoo moja, nusu saa. Akaondoka.

Kwenye kona ya ua alisikia komeo likifunguliwa. Hakugeuka. Alisimama tu, daftari kifuani, akisikiliza kama sauti itakayofuata itakuwa ya maji yanayomiminwa ndooni, au ya kitu kinachotupwa majanini. Mvua ikaanza tena kupiga mabati, na hakusikia lolote.