Sombe Niliyowapikia Wageni

Mudogo wangu alifungwa juu ya barua. Yeye ni mwalimu wa shule ya musingi. Siku moja alisimama mbele ya watu akasoma barua ya kuuliza uchaguzi wa muji wetu utafanyika lini. Basi, ni hayo tu. Hakutukana mutu, hakurusha jiwe. Wakamutia kasho. Nikaanza kumubebea chakula kila siku saa sita, kutoka Nyalukemba kwa miguu, maana kwetu mufungwa analishwa na ndugu zake. Asiye na ndugu anaomba kwa wenzake ao analala njaa.

Mulangoni pa kasho tulikuwa kundi la wanawake, tumekaa chini na masufuria yetu, mvua ao jua.

Kisha wageni fulani wa haki za binadamu wakaandika kwamba inchi yetu inarudi nyuma, watu wanafungwa kwa kusema. Weee! Redio iliwaka moto. Mukubwa mumoja akafoka: hao wazungu watamufundisha nani? Si ndio walituchapa fimbo? Leo wanataka kutuhesabia wafungwa?

Nilikuwa naosha vyombo, hasira ikanipanda. Fimbo ni kweli. Babu yangu alikufa na alama zake mugongoni. Lakini sikuona muzungu akimufunga mudogo wangu. Waliomufunga ninawajua, mumoja wao tulipata komunyo ya kwanza siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Waache kujifunika na mugongo wa babu yangu!

Hata hivyo wageni wakaruhusiwa kuja kujionea. Siku mbili kabla ya kuja kwao, komanda wa kasho, yule aliyekuwa anatufukuza kama kuku, alitoka akicheka.

"Bamaman, mutupikie kitu kizuri, bafungwa bote bakule. Vyakula tutawapa. Na weye maman wa Nyalukemba, sombe yako tunaijua."

Nilifurahi, niseme uongo wa nini? Mimi na kiburi changu cha sufuria! Nilijiambia: mudogo wangu atashiba, atakaa mbele ya wageni, watamuuliza jina, watamuandika. Mutu aliyeandikwa na wageni si rahisi kumupoteza. Hilo ndilo nililolitaka kuliko uhai wangu.

Siku yenyewe nilianza kutwanga majani ya muhogo ya sombe kabla jua kutoka. Nikatia mawese ya kutosha na sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikapika kama ni ndoa yetu. Tulipofika, askari walizipokea sufuria mulangoni.

"Murudi kwenu. Leo sitaki kuona mwanamuke hapa inje," komanda akaamuru.

Tukarudi. Wanawake wote wale, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni redio ikasema wageni wameonja chakula cha wafungwa na kukisifu. Kasho ile, ikasema, iko na wezi na walevi tu, mufungwa wa siasa hakuna hata mumoja, na wanakula vizuri kuliko sisi wa inje. Jirani yangu akapiga makofi: "Maman, sombe yako imefika kwenye redio!" Nilimufungia mulango usoni, maskini, naye hakuwa na kosa. Ushahidi wao ulikuwa mukono wangu.

Kesho yake nikamukuta mudogo wangu, midomo imekauka. Asubuhi ya wageni, yeye na wenzake wa makosa ya mudomo walifungiwa kwenye depo, stoo ya nyuma, askari akasimama nao mupaka magari yakaondoka. Hawakula. Hakuna aliyewauliza jina.

Yeye ndiye aliyeanza kusema, akiniita yaya, dada mukubwa, kama tangu utoto.

"Yaya, harufu ilitufikia. Nikajua ni yako. Nikaambia wenzangu basiogope, yaya yangu iko mulangoni, hawezi kuacha bazungu baende bila kubaambia tuko humu."

Wakati ule nilikuwa nimesharudi kwangu, kama nilivyoamuriwa.