Vitabu vya Kusikiliza na Karanga za Masanze

Macho yangu yalipoingia ukungu, Mwenyezi Mungu alinifungulia mlango wa masikio. Maktaba yetu ya Kilosa ilipokea vitabu vya kusikiliza. Kila kitabu kimo ndani ya kifaa chake, kidogo kama kasha la kiberiti, unabonyeza, kinakusomea.

Mkutubi, binti mpole, aliviingiza kwenye katalogi akieleza kila kilichomo kwenye kikasha cha kubebea: kifaa, hedifoni, betri. Kikasha kikirudi, anafungua na kulinganisha.

Nilipomaliza cha kwanza, mke wangu aliijaza karanga nafasi iliyobaki kikashani. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Shikamoo babu," mkutubi akanipokea kikasha.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, katalogi haina karanga."

"Basi ziongeze. Ni za Masanze."

Alicheka, akazila. Wasomaji wengine wakaona wivu. Mmoja akaleta ubuyu, mwingine njugu mawe. Bwana mmoja wa Mikumi akarudisha chake na dagaa wa kukaanga, na aliyekiazima baada yake alisikiliza mawaidha ya ndoa huku paka wa mtaa mzima wakimfuata.

Kisha akaja mkaguzi kutoka Morogoro. Mkutubi alininong'oneza kwamba vikasha visipolingana na katalogi, vifaa vyote vitapelekwa maktaba nyingine. Hata herufi kubwa sizioni tena; bila vifaa vile, kusoma kwangu kungekwisha.

Mkaguzi akafungua kikasha cha kwanza. Dagaa tena.

"Hiki ni kitabu cha mapishi?"

"Hapana mama," mkutubi akajibu. "Ni cha historia."

Nikamweleza mkaguzi desturi yetu, huku moyoni nikiomba dua. Alisikiliza akitafuna dagaa mmoja. Akachukua mwingine.

"Kuna kifaa kilichoharibika?"

"Hakuna."

"Kilichopotea?"

"Nani apoteze chombo alichopewa na chakula ndani?" nikamuuliza.

Akamgeukia mkutubi. "Katalogi hueleza kitu kama kilivyo. Andika: kifaa kimoja, hedifoni, betri. Pengine na chakula."

"Chakula gani, mama?"

"Kulingana na msimu. Ila dagaa wafungwe kwenye nailoni."

Alhamdulillahi, vifaa vikabaki, nami nikaondoka na kimoja. Jioni nilijinyoosha mkekani nikisikiliza. Mke wangu aliniita kula, sikumsikia. Akaja amefura, akachomoa hedifoni moja, akaitia sikioni mwake ajue ni nani anayenishughulisha hivyo.

"Sogea," akasema.

Wali ukapoa.