Vidonge vya Salfa Vilivyobaki

Jumatatu iliyopita, kabla ya adhuhuri, alifariki mwanamke mkulima wa mwani wa Uroa niliyemjua kwa miaka mingi. Kila nilipotoka Mpendae kwenda kununua mwani kwake, hakuniacha niondoke bila kula. Nashukuru mnanisoma, lakini leo sina la kujisifia.

Mwezi uliopita aliniambia mkojo unamchoma. Nilikuwa na vidonge vya salfa vilivyobaki nilipougua mimi, nikampa. "Usikatize dozi," nikamwambia, kama tunavyoambiwa sote. Baada ya siku kadhaa akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, mwili ukatoka vipele. Alidhani ni mwani, maana mwani huwasha. Akaendelea kumeza. Midomo ikachubuka, na ngozi ya mgongo ikafanya malengelenge na kuchunika kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto.

Hospitali, daktari akauliza kameza dawa gani. "Hajameza kitu," dada yake akajibu. "Kalishwa." Wote tukamgeukia mke mwenzake, aliyesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Uji wako kanywe mwenyewe," dada akamwambia.

"Nshauonja, dada. Mbona mie sijababuka?"

Nami nilimshuku. Ilikuwa rahisi kuutilia shaka uji wake kuliko mkoba wangu. Siku ya pili daktari aliporudia swali lake, nilimfuata ukumbini nikamweleza. "Bado anavimeza?" akaniuliza. Vilikuwa kwenye fundo la kanga yake, na dada yake akimpa asubuhi na jioni, dozi isikatike. Kwa dada huyo hiyo haikuwa dawa, ilikuwa hidaya ya mgeni. Daktari akavichukua, akamfunga vidonda kama vya moto, akamtia dawa ya macho. Aliniambia kwamba vilipotoka vipele vya kwanza, ndipo vidonge vilipotakiwa kuachwa na mgonjwa kuletwa.

Nimejifunza kwamba dawa ya mtu haigaiwi kama mboga, na kwamba daktari akiuliza, hata kidonge cha jirani kitajwe. Hilo nililitaja. Kwa jamaa zake nilinyamaza.

Jumanne, kwenye hitma, mke mwenzake alikaa peke yake ukutani na sahani aliyoipakua haikuguswa. Nikasema mbele ya wanawake wote kwamba vidonge vilikuwa vyangu. Aliyenijibu ni yeye.

"Ungesema jana," alisema, "wasingenizuia kumkosha kabla hajazikwa."