Aliyekaa Kati Yangu na Sheikh

Nilimchukia kwanza kwa sababu ya mkeka. Sheikh wetu alikaa juu ya mkeka mmoja, na upande wake wa kulia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, msomaji. Nafasi hiyo alikuwa nayo yeye, mwanafunzi mwenzangu. Mimi nilikaa nyuma na wengine, nikiyakodolea macho mabega yake.

Siku hizi wajukuu zangu wanasomea uzamili wa masomo ya dini. Wana wasimamizi, wana maktaba, na wakiniuliza mimi nilisomea wapi nawaambia Garissa, miaka ya vita vya serikali na shifta, waasi wa kule, ndani ya kibanda cha miti na mikeka. Wanacheka. Na wacheke. Sisi tulihifadhi Kurani utotoni, tukaingia kwenye sarufi ya Kiarabu, na mwisho kabisa kikaja kile kitabu kikubwa cha fiqhi, sheria za dini, neno kwa neno mbele ya sheikh. Hakuna aliyekupa karatasi. Ukimaliza, sheikh alikupa ruhusa ya kufundisha kwa mdomo wake. Alikutajia amesoma kwa nani, na huyo kwa nani, hadi mbali huko kwa watu wa kale, nawe ukaurudia mlolongo wote mbele ya watu ukianza na jina la aliyekusomesha. Mimi nilitoka pwani, nikaacha duka la mjomba wangu, kwa ajili ya hilo tu. Nilitaka kusema nimesoma kwa sheikh yule, bila mtu katikati.

Mwenzangu huyo alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Habaswein. Alikuwa mdogo kwangu, mrefu, na kicheko chake kilisikika hadi soko la mifugo. Sheikh alikuwa na mtoto wa jicho, haoni maandishi, kwa hiyo yeye alisoma kipande cha Kiarabu na sheikh akakieleza kwa Kisomali. Kiarabu changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Sijisifu, hata yeye alilijua hilo. Alijikwaa kwenye irabu za mwisho wa maneno, na sheikh akamsahihisha kwa upole wa kumlisha mtoto uji. Mimi ambaye nisingejikwaa nilikuwa nyuma, naokota maneno ya Kisomali moja moja.

Darsa likiisha alikuja kukaa nami, akanirudilia yote bila kuombwa, kwa Kiswahili cha Wasomali wa kule, p ikitamkwa b na v ikitamkwa f. Hilo liliniuma zaidi. Angekuwa na kiburi ningestarehe.

"Walaal," aliniambia, yaani ndugu yangu, "wewe mtu ya samaki, lakini akili iko. Bole bole utafika."

Siku moja nilijikaza nikamwambia sheikh, "Maalim, hata mimi naweza kusoma."

"Najua," akasema. "Lakini sauti ya huyu mimi nimezoea."

Basi. Nilikwenda mtoni nikaoga, nikakaa huko hadi jioni.

Vita vikazidi. Askari walijaa mjini, jua likitua ni kafyu, na wanafunzi wa upande wa Wajir wakaacha kuja kwa sababu kusafiri bila kibali kulikuwa kujitafutia balaa. Darsa letu likabaki la watu wachache. Kisha ikatoka amri kwamba watu wa manyatta, maboma ya wafugaji, wakusanywe katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Sheikh akahamishiwa huko na familia yake, na mwenzangu pamoja nao. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa pwani, niliachwa nilale mjini. Kila asubuhi nilipekuliwa langoni, nikaingia kusoma.

Haikuendelea hivyo. Afisa wa lango akaniambia kwamba watu wa pwani wote wataondoka na lori la Ijumaa, na baada ya hapo haingii mtu. Kitabuni ilibaki milango ya mwisho, zile sura za makadhi, za mashahidi na za kuwaacha huru watumwa. Na sheikh alikuwa mgonjwa wa kifua, hata kukaa hawezi.

"Maalim, wewe sikiliza tu," nilimsihi. "Nitasoma mimi, wewe lala."

Akatikisa kichwa. "Homa inanichukua, sifahamu kitu. Mimi siwezi kusema nimesikia na sikusikia. Huyu alimaliza kitabu kabla wewe hujafika Garissa. Soma kwa huyu. Yeye akikuba ruhusa, mimi nimekuba."

Nilihisi nimepigwa kofi hadharani. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na kurudi nyumbani mikono mitupu kulikuwa aibu kubwa zaidi. Nikakaa chini mbele ya mdogo wangu, mahali pa mwanafunzi.

Alinisomesha bila mzaha wowote, mara ya kwanza kumwona hivyo. Tulipofika kwa mashahidi alieleza taratibu, macho kitabuni.

"Ushahidi ya adui haikubaliki. Na adui ni nani? Ni hifi: wewe ukifurahi, yeye nahuzunika. Wewe ukibata shida, yeye nafurahi." Kisha akauliza, "Umefahamu, walaal?"

"Nimefahamu."

Uso uliniwaka moto. Sijui hadi leo kama alikuwa akinisema mimi au akieleza mlango tu. Alifunua ukurasa tukaendelea. Yeye alikuwa amefungiwa ndani ya seng'enge, mimi Ijumaa naondoka zangu, na bado mimi ndiye niliyemwonea wivu.

Tulimaliza asubuhi ya Ijumaa yenyewe. Sheikh akainuliwa, mwenzangu akakaa nyuma yake akamwegemeza kifuani pake. Majirani wachache wakaitwa kushuhudia. Sheikh akautaja mlolongo kwa sauti ndogo, kisha akaniambia, "Sema."

Nikasema nimesoma kwa sheikh wangu, nikataja jina lake.

Akainua mkono. "Rudia. Umeruka mtu."

Lori lilikuwa likipiga honi langoni. Nikarudia. Nikalitaja jina la yule aliyekuwa amemshikilia mgongo, kisha ndipo la sheikh. Mwenzangu aliinamisha kichwa.

Nilipata habari baadaye kwamba sheikh alifia mle kijijini, mikononi mwa msomaji wake. Mimi nilifungua darsa kwetu, na tangu hapo kila anayemaliza kitabu kwangu namtajia mlolongo, jina la mwenzangu likitangulia, na vijana wanalirudia kwa heshima na kumwombea dua. Huwa wananiuliza alikuwaje, kwa kuwa wanamdhania mzee wa ndevu nyeupe. Nawajibu kwamba alikuwa mwalimu wangu, kisha nangoja ule uchungu wa siku za mkeka upite, na haupiti.